Suruali ya Mjumbe Hitimana

Kiongozi ajibu nini wenzake wanapoilalamikia sheria ambayo wao wenyewe waliipigia kura, na ambayo yeye aliipendekeza kwa moyo mweupe? Kadiri, fundi cherehani na prezida wa halmashauri ya mji wa Gisenyi, alikuwa hajalipata jibu, na wajumbe wawili walikuwa wameshakaa mbele yake katika chumba chake cha kushonea.

Sheria yenyewe ilikuwa fupi: vibaraza vya maduka viachwe wazi watu wapite, na cherehani zote ziingizwe ndani. Kadiri aliipendekeza baada ya kumwona mama mjamzito akishuka barabarani kukwepa viti vya mafundi, huku lori la kahawa likimkosakosa. Msimamizi wa Kibelgiji alitia sahihi bila kuuliza neno. Tangu hapo vibaraza vilikuwa vitupu kama sahani iliyolambwa, na wateja walivuka mpaka kwenda kushonesha Goma, ambako mafundi bado walikaa nje penye mwanga.

"Mafundi wanakuja kwangu kuuliza watakula nini," alisema Mbonigaba, mjumbe na muuza vitambaa. "Mi nawaambia, muulizeni prezida, ni fundi kama nyinyi."

"Sheria haichagui fundi," alijibu Kadiri, akipapasa tundu la sindano kama kipofu. Kidirisha cha chumba kile kisingempitisha hata paka, sembuse mwanga wa kushonea. "Tuliomba mji wenye utaratibu. Utaratibu una gharama zake."

"Bon, gharama mtazungumza nyuma," alisema Hitimana. "Kwanza suruali yangu."

Hitimana, mwenye mitumbwi ya uvuvi, alikuwa ameiunga mkono sheria hiyo kwa mikono yote miwili. Sasa alikaa amejifunga kitenge cha Saidati, mke wa Kadiri, chenye picha za kuku. Suruali yake ya sherehe ilikuwa imepasuka makalioni aliposhuka mtumbwini, na arusi ya mpwa wake ilikaribia kuanza kanisani.

"Shemeji, hao kuku wamekukaa vizuri," alisema Saidati kutoka mlangoni. "Umebakiza kutaga tu."

"Cheka tu, shemeji. Kanisani siingii na kuku."

Mbonigaba akashusha sauti. "Prezida, itoe cherehani nje kidogo. Nani ataona?"

"Mimi nitaona. Kiongozi anayeivunja sheria yake kwa ajili ya suruali ya mjumbe, kesho ataivunja kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya shati," alisema Mbonigaba.

Kadiri hakucheka. Aliinamisha uso hadi pua ikakaribia kugusa kitambaa, akashona, akakata uzi, akamkabidhi Hitimana suruali yake kwa heshima zote. Hitimana akaenda nyuma ya pazia. Kikasikika kishindo. Alipotokea alikuwa akirukaruka, miguu yote miwili imebanwa pamoja kama ya mbuzi anayepelekwa sokoni Mahoko.

"Prezida," alisema kwa upole wa kutisha, "mi iko na miguu miwili. Namna gani suruali imekuwa na njia moja?"

Hitimana alipoivua, Kadiri aliipeleka mlangoni na kuitazama kwenye mwanga. Alikuwa ameushona mguu wa kulia kwenye wa kushoto, tena kwa mshono imara. Katika ufundi wake wote hakuwahi kufumua kazi yake. Naye angalau alikuwa na rafiki wa kumvumilia. Mafundi wengine walikuwa na wateja tu, na wateja walikuwa Goma.

Kadiri aliibeba cherehani hadi kibarazani, akaiegemeza ukutani ubavu kwa ubavu, kisha akamwomba Saidati apite mbele yake na kikapu cha viazi kiunoni. Saidati akapita bila kugusa kitu.

"Pita tena, polepole, kama mwenye mimba."

"Mume wangu, uliwahi kuniona nikipita hivyo mara sita. Umesahau?"

Kadiri akaketi, akaanza kufumua mshono. Wapita njia walikuwa wamesimama kutazama, na wajumbe wake walikuwa mlangoni, mmoja akiwa amerudia kitenge cha kuku.

"Wajumbe wenzangu," alisema, "cherehani zinarudi nje leo, zikae ukutani, na viti visivuke mstari huu wa saruji. Nikimaliza suruali hii nakwenda kwa msimamizi kumwambia kwamba sheria niliyompelekea niliikosea, na kwamba cherehani ya kwanza kutoka ni yangu."