Kitambaa cha Gadi

Kitambaa kilikuwa mkononi mwangu, na sikukipunga.

Gari lilikuwa likinguruma mbele ya boma la mama mkwe wangu kule Kimilili, uso wake ukielekea Nairobi. Nikiwa kwenye dirisha la nyuma, kwenye kioo cha pembeni nilimwona mume wangu, Wesonga, akiningoja. Juu ya paa yalikuwa magunia ya mahindi, mikungu ya ndizi na tenga la kuku. Ndani, mama mkwe alikuwa amekwisha kujilaza kitandani, mjukuu wake Triza kifuani pake. Nje walisimama ndugu na majirani waliokuja kutuaga, na wote walikuwa wakinitazama mimi.

Gari lenyewe lilikuwa nyumba. Kanisa letu la Shauri Moyo lilinunua lori kuukuu, na fundi Matheka akalijengea mgongoni chumba cha mbao na mabati: vitanda, kabati la vyombo, jiko la gesi, madirisha yenye mapazia. Lilikusudiwa wahubiri wanaozunguka mashambani wapate pa kulala. Mwaka huo wa tisini na sita, mtoto wa jicho alikuwa amemfunika mama mkwe macho yote mawili, na hospitali moja ya Nairobi ikampa nafasi ya kupasuliwa. Pasta akatuazima gari twende kumleta.

Siku tuliyoondoka, vijana wa Makongeni walilizunguka. "Niaje, buda? Hii ni gari ama ni hao?"

"Likisimama ni nyumba," Wesonga akawajibu. "Likienda ni gari. Balaa ni kuchanganya hayo mawili."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Kila Jumapili kanisani tulikuwa tukichangia mazishi ya mtu aliyefia barabarani.

Wesonga alikuwa dereva wa treni, na hiyo ilikuwa likizo yake tu. Mtu wa reli hajiondokei hivihivi. Nyuma kabisa ya treni yuko gadi, na ndiye anayejua kama milango imefungwa na mizigo imekaa sawa. Gadi akipunga kijani, dereva anaondoka. Asipopunga, dereva hukaa, hata kama stesheni nzima inampigia kelele. Wesonga alimfanya Matheka achomelee viti vya kutazama mbele, vyenye mikanda iliyotolewa kwenye magari mabovu. Kisha akanipa kitambaa cha kijani. "Mimi naona mbele tu," akasema. "Wewe ndiye gadi." Nilipokipunga dirishani pale Jogoo Road, kondakta mmoja aliniuliza kama nagombea udiwani.

Lakini sasa tulikuwa Kimilili, na kwetu mgeni haondoki mikono mitupu, sembuse mwana aliyekuja kumchukua mama yake. Shemeji yangu Opicho alipakia alfajiri, sisi tukiwa kwenye chai. Wesonga aliona kila gunia likipanda. Alikohoa, akaenda kupapasa magurudumu, kisha akapanda kwenye usukani na kuwasha injini. Mwana gani wa Kibukusu atamwambia mama yake ashushe chakula chake? Aliniachia mimi, mtoto wa watu, nikaumwe na nyuki wa boma lao. Nilimkasirikia sana, nasema kweli.

"Shemeji," nikamwita Opicho. "Shusheni."

"Nishushe nini?"

"Kila kilicho juu. Nyumba hii ni ndefu kwenda juu, haikai vizuri kwenye kona. Ikibeba mzigo kichwani itatuangusha."

"Mahindi ya mama?"

"Na mama naye ahamie kitini."

Sauti ya mama mkwe ikatoka ndani. "Mama Triza, kitanda kiliwekwa cha nini, kama si cha mgonjwa?"

"Ni cha gari likisimama, mama."

"Na huko Nairobi mnakula mawe?" Hakuna aliyecheka. "Wesonga, unamsikia mke wako?"

Kwenye kioo niliona macho ya mume wangu yakishuka, kisha yakapanda. "Namsikia, mama. Gadi akikataa, mimi siwezi kuondoka."

Nilitamani ardhi ipasuke. Hakuna tusi kubwa kwetu kama kumrudishia mzazi chakula chake mbele ya majirani, na nililitenda wanawe wawili wakisikia. Magunia yalishushwa moja baada ya jingine, na kila lililogusa chini nilihisi limegusa ndoa yangu. Nikaruhusu gunia moja likae sakafuni katikati ya viti, na kuku kando yake. Mama mkwe nilimwongoza hadi kitini nikamfunga mkanda, Triza nikamfunga pembeni yake.

"Nimefungwa kama mbuzi wa soko," alisema, akageuzia uso dirishani, japo hakuona kitu. Eldoret tukaipita akiwa bado amegeukia huko.

Timboroa ilitupokea kwa mvua na ukungu. Malori yalitokea ghafla yakiwasha taa, yakatupita yakitutikisa. Nilishika kiti cha mbele mpaka vidole vikafa ganzi, nikijiuliza kama nimeudhi ukoo mzima kwa hofu zangu za bure.

Tulikuwa tukiteremka mlima kabla ya Nakuru lori lilipotujia upande wetu, likilipita jingine. Wesonga hakupiga honi. Alikata kushoto, tukatoka kwenye lami. Magurudumu ya kulia yaliachana na ardhi, na nyumba yote ikainamia mtaro. Ilibaki hapo kitambo, kama mtu anayefikiri aseme au anyamaze. Kisha ikarudi chini kwa kishindo, ikasimama.

Mwanzoni nilisikia kuku tu.

"Triza?" Mama mkwe alikuwa akipapasa hewani.

"Niko, kukhu," Triza akamwitikia bibi yake.

"Mama Triza?"

"Niko, mama."

"Kilichoanguka kimeangukia nini?"

Kabati la vyombo lilikuwa limeng'oka ukutani. "Kitanda, mama."

Kisha akafungua mkanda, akanyoosha mkono ili nimpeleke. Alilishika lile kabati, akafuata ukingo wake polepole hadi chini, mpaka vidole vikapata mto, bado umebonyea pale alipokuwa ameweka kichwa asubuhi akiwa na mtoto kifuani. Akaacha mkono pale. Mimi nilikuwa nikilia, wala sikujificha, kwa kuwa hakuniona.

Wesonga alizunguka gari akikagua, akarudi kwenye usukani. Aliwasha injini. Hatukuondoka.

"Twende!" nikamwita. Akakaa vilevile, macho kwenye kioo.

"Anangoja nini?" mama mkwe akauliza. Nilikuwa nimekwisha kumfunga mkanda tena, bila yeye kusema kitu.

"Kitambaa cha kijani, mama. Kimepotea humu katika vyombo."

Akainua mikono, akafungua kilemba chake. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kuona nywele zake. Mama wa umri ule hakai kichwa wazi mbele ya mwanawe. Zilikuwa nyeupe pe, zimesukwa vizuri.

"Hiki ni cha kijani?"

Kilikuwa cha manjano. "Ndiyo, mama," nikasema.

Nilikitoa dirishani, kikapepea kwenye mvua. Niliona Wesonga akikaza macho kwenye kioo. Alikuwa ameniambia zamani kwamba kwenye reli manjano haikusimamishi. Inakuambia uende taratibu, uwe tayari kusimama kwa lililo mbele. Akaondoka polepole hivi kwamba mtu wa baiskeli alitupita.

"Mwambie asiongeze mwendo," mama mkwe akasema.

Bandeji za macho zilitolewa hospitalini wiki iliyofuata. Mama mkwe alimtazama Triza kwanza, akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku. Kisha akaomba kilemba chake. Alikipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama mpaka nikaanza kutokwa jasho.

"Hiki ni cha manjano."

"Ndiyo, mama."

"Na Wesonga alikiona?"

"Alikiona."

Akakifunga kichwani, taratibu, akavuta fundo.

"Yale mahindi mengine," akasema, "nitayaleta gunia moja moja."