Vipindi Vitano vya Baba Wembe

Mwanga ulianzia kwenye kioo. Uliruka kutoka kwenye televisheni uliyoiazima kwa jirani, ukagonga kioo kirefu cha duka lako la kinyozi, ukarudi umekuwa maradufu, ukamwagika juu ya taulo nyeupe, juu ya machanuo yaliyolowekwa kwenye chupa, juu ya uso wako, Baba. Ulikuwa umenyoa ndevu. Ulikuwa umevaa lile shati la kwenda kwa wakwe.

Uliwaita watu kumi na saba waje kuona kazi ya mwanao. Uliwapangia viti, na viti vilipokwisha ukapindua ndoo. Kila aliyeingia ulimshika mkono, na kila uliyemshika mkono ulimwambia, kwa ule ulimi wako unaopanda mlima kila neno: "Ka-ka-katuni. Kachora bi-binti yangu." Miaka ishirini na sita watu hao walikalia kiti chako, shingo wazi mbele ya wembe wako, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukucheka.

Muziki ukapigwa. Akatokea kinyozi mwenye kichwa kama tikiti na masikio kama vifuniko vya sufuria. Mkononi wembe, mdomoni kigugumizi. Jina lake Baba Wembe. Mteja akaketi.

"Nikunyoe ki-ki-ki-ki..."

Mteja ana haraka, ana harusi, anadhani ni kidogo. "Ndiyo, ndiyo, nyoa!" Wembe ukapita, fyuu. Na kichwa kilipobaki kinang'aa kama sahani ya mgeni, ndipo neno lilipotoka lote: "...ki-kipara!"

Watu walicheka.

Nawe ulicheka, Baba. Ulianza kucheka kabla hujaelewa, maana ulikwisha amua kucheka tangu asubuhi. Kisha, mdogo wangu ameniambia, kicheko kikakukatikia mdomoni. Ukainuka, ukachukua ufagio, ukaanza kufagia nywele ambazo hazikuwepo sakafuni.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa studio, simu yangu inaita, na kila aliyepiga alikuwa hajamaliza kucheka.

Nikwambie katuni hiyo ilivyozaliwa, maana hukuwahi kuniuliza.

Mwaka mzima nilichora mawingu. Wenzangu walichora watu. Mimi nilichora mawingu, mapazia, kuta za jikoni. Bosi alitaka familia ya kuchekesha, na kila wazo lililoletwa mezani alilitazama kama nzi kwenye chai. Zamu yangu ilipofika sikuwa na wazo. Nilikuwa na wewe. Nikasimama, nikaukunja mgongo wangu ukawa wako, nikashika kalamu kama wembe, nikafungua kinywa nikakutoa.

Walilia kwa kucheka. Bosi alishika meza asianguke. "Huyu umemtoa wapi?"

"Kichwani tu," nilisema. Uongo haugugumii.

Wala sikukuchora kwa hasira. Ningekuwa na hasira, leo ningekuwa na udhuru. Mama alipofariki ulitulea peke yako, wasichana wawili. Ulitufunga vifungo vya sare kwa vidole vinavyonukia sabuni ya ndevu. Ulinisomesha kwa vichwa vya watu, kichwa baada ya kichwa. Nilikuchora kwa sababu ulikuwa karibu. Mkono ulinyooka tu, ukakukuta.

Kipindi cha pili, Baba Wembe anapiga simu zimamoto, na nyumba inaungua mpaka msingi kabla hajafika kwenye neno moto. Watu walicheka. Kipindi cha tatu anamposa mwanamke, na anapomaliza kuposa, mwanamke ana mume mwingine na watoto watatu, wa kwanza anaota meno. Watu walicheka.

Kipindi cha nne kilikuwa mazishi ya Mama.

"Alikuwa m-m-m..." alisema Baba Wembe, kofia kifuani. Jua likazama, waombolezaji wakakoroma, na jeneza likafunguka lenyewe, marehemu akatoa kichwa: "Malizia basi, mwenzio nina safari!" Hicho watu walikicheka mpaka wakaomba kirudiwe. Nawe ulisimama hivyo hivyo kaburini, Baba, kweli ulisimama, na neno halikutoka, ukarudi nalo nyumbani. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilikuwa nimekushika koti.

Wakaanza kuja wateja wasiotaka kunyolewa. Walikuja kukusikiliza. Walikalia kiti, wakakuuliza maswali marefu yenye majibu marefu, wakafinyana. Watoto walipita mlangoni wakiimba ki-ki-ki kama vifaranga. Siku moja mteja wako wa zamani, fundi bomba, alikuuliza kwa huruma tu: "Lakini rafiki yangu, binti yako ulimkosea nini?"

Ukafungua kinywa. "Ki-ki-ki..."

Duka zima likapasuka. Hata fundi bomba, Mungu amsamehe, alijificha ndani ya taulo. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na chakula chako cha mchana, akiitazama midomo yako. Yeye peke yake alijua ulikokuwa unakwenda: kikulacho ki nguoni mwako.

Basi ukavaa tena lile shati, ukaja studio.

Wiki hiyo Bosi alikuwa amemchoka mwigizaji wa sauti ya Baba Wembe. "Anagugumia kama mtu anayesoma karatasi," alisema. "Nitafutieni wa kweli." Wewe ukafika mapokezi ukasema, "Na-na-namtafuta..." Fundi sauti alikuwa anapita na kikombe chake. Hakukuacha umalize. "Karibu, mzee, karibu! Ndiwe tunayekutaka." Akakuketisha kwenye chumba kidogo chenye kuta za sponji, akakuvisha vidude masikioni, akakusogezea kipaza sauti.

Mimi nikaingia upande wa pili wa kioo, nikakuona. Nawe ukaniona. Na usoni mwako, Baba, nilisoma kwamba ulidhani ndivyo watu wanavyoongea na mabinti zao kazini.

Mlango ulikuwa hatua tatu.

"Mwanangu," ulisema, na sauti yako ikajaa spika zote. "Sa-sa-sawa. Kicheke ki-kichwa changu, sawa. Cheka ma-masikio, sawa. La-lakini naomba... naomba uniachie ki-ki-kinywa changu. Si-sina ki-kingine."

Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Fundi sauti alikuwa amelala juu ya mitambo, mabega yanamruka. Bosi alifuta machozi kwa kiganja. "Dhahabu," alisema. "Dhahabu tupu. Huyu mzee anajua kazi. Tumtumie?"

Wote wakanitazama. Ningeweza kusema, huyu ni baba yangu. Ni maneno manne, na ulimi wangu ni mzima.

"Tumieni," nilisema.

Kisha nikazunguka, nikakuletea maji, nikakwambia, "Nimesikia, Baba." Ukanishukuru. Ulinishika mikono yote miwili, ukanishukuru.

Kipindi cha tano, Baba Wembe yuko kwa daktari wa meno. Amefungwa kwenye kiti, koleo limeshaingia, daktari anakanyaga kifua chake kupata nguvu, na kutoka ndani ya kile kichwa cha tikiti inatoka sauti yako, yako mwenyewe, haijaongezwa chumvi hata chembe: "Naomba uniachie ki-ki-kinywa changu! Si-sina ki-kingine!"

Watu walicheka. Walicheka majumbani na maofisini na kwenye foleni za hospitali. Wanafunzi wakawa wanawajibu hivyo walimu wakiambiwa wanyamaze. Wakachapa maneno hayo kwenye fulana, na nikapewa moja, saizi yangu.

Ulikuwa unamnyoa mtu. Televisheni ya duka la jirani ilikuwa na sauti kubwa, mkaisikia nyote wawili. Ulimaliza nusu ya kichwa iliyobaki, taratibu, bila kumkata. Ukampangusa shingo, ukamvua kitambaa, ukakikung'uta nje. Ukafunga mlango. Kiti ukakiuza juma lilelile, ukahamia kwa mdogo wangu, nawe hukusema tena.

Miaka mitatu. Kila Jumapili nilikuja, nikaketi mbele yako, nikaongea peke yangu kama redio iliyosahauliwa. Nilikupeleka kwa daktari wa koo. Akamulika, akabonyeza, akasema koo ni zima. Basi nikasema ni umri, nikasema ni huzuni ya zamani. Nikazoea. Nilikulilia kwa starehe, kama mtu anavyomlilia aliyekufa mbali.

Na kipindi kikakua, kikanunuliwa kwingine. Wakanipandisha jukwaani, wakanipa kitu cha kioo kizito. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Mimi nilikucheza wewe, nikatunzwa. Watu wakinikuta njiani hunishika bega: "Vile vipindi vya mwanzo! Vile vitano! Siku hizi mmepoa." Ni kweli tumepoa. Hatuna tena pa kuchota.

Juzi nilikuja siku isiyo yangu. Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, nimebeba machungwa. Mdogo wangu alikuwa uani anaanika shuka. Na kutoka dirisha la chumba chako nikasikia mtu akisimulia.

Alikuwa anasimulia jinsi alivyomwona Mama mara ya kwanza: amemleta kaka yake kunyolewa, amesimama mlangoni, hataki kukaa. Sauti ilipanda, ikateleza, ikaning'inia kwenye herufi, ikapanda tena. Ilikuwa inacheka njiani. Kulikuwa na habari za Mama mle ndani ambazo mimi, binti yake wa kwanza, sijawahi kuzisikia.

Mdogo wangu aliniona. Pini ya nguo ilikuwa bado mdomoni mwake. Akaitoa. "Dada. Ungepiga simu kwanza."

"Anaongea?"

"Anaongea mpaka usingizi unatuchukua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku aliyohamia." Akanyoosha shuka, akalinyoosha tena pale palipokwisha nyooka. "Ni wewe tu."

"Na hamkuniambia?"

"Alikataza. Alisema ukijua utakuja na mashine ya kunasa sauti."

Nikaenda mlangoni. Nikabisha, polepole, kama mgeni. Sauti ikakatika. Nikasubiri, nikasikia kunong'ona, nikasikia kunong'ona tena, kurefu, kunakokwama na kujikwamua. Halafu vikaja visigino vidogo, na mlango ukafunguka kiasi cha uso mmoja. Alikuwa binti wa mdogo wangu, miaka mitano, nywele zake zimesukwa nusu.

"Mama mkubwa," aliniambia, "babu amesema nikwambie hawezi kuongea."

"Amesema?"

"Ndiyo. Ilichukua muda, lakini nilimsubiri."

Akafunga mlango kwa adabu, kama alivyotumwa.