Mwenye Jumba la Pipeline

Kufikia siku ya tatu ya misheni, Mutheu alikuwa hatulii. Kanisa lao kubwa la upande wa pili wa jiji lilikuwa limeleta vijana mtaa wa Pipeline kuhubiri nyumba kwa nyumba, naye akapangiwa jumba la ghorofa saba lisilopata jua hata saa sita mchana. Kila mlango ulipofunguliwa, macho yake yaliishia kwenye mitungi mitupu ya maji.

Ghorofa ya sita alikaribishwa na Nakhumicha, mama aliyefanya kazi kiwanda cha nguo. Alimpa Mutheu kiti, kilikuwa kimoja tu, yeye akaketi kitandani.

"Tukuombee nini, mama?"

"Maji. Leo siku ya tisa. Mwombee landlodi, mwenye jumba hili, alainike moyo. Pampu ya maji ni nzima, lakini ameifunga."

"Ni nani huyo?"

"Nani amjue? Sisi tunamjua Wafula tu, yule mlinzi wake hapo chini."

Mutheu hakuomba. Alishuka ngazi zote hadi kwa Wafula.

"Madam, mimi natumwa tu," Wafula alijitetea. "Bosi amesema bili ya stima ya kuendesha pampu imepanda."

"Mpigie sasa hivi."

Wafula alipiga, akaweka spika.

"Wafula, si nilikwambia usinisumbue na mambo ya maji?"

Mutheu aliisogelea simu. Sauti hiyo ndiyo iliyomwamsha kwa sala kila asubuhi utotoni. Alijua baba yake, Mzee Kyule, ana nyumba za kupangisha. Hakuwahi kuuliza ziko wapi.

"Baba, ni mimi, Mutheu."

"Unafanya nini hapo?"

"Niko misheni. Hii ya kanisa letu, uliyotununulia Biblia."

Mzee alipumua kwa nguvu. "Mpe Wafula simu."

Haikupita robo saa, maji yalitoka na ngazi zikajaa vigelegele na ndoo. Nakhumicha alimkumbatia. "Dada, Mungu wako anasikia haraka!"

Mutheu angeweza kunyamaza. "Mwenye nyumba ni babangu," akasema.

Mikono ya yule mama ilimwachia. "Kumbe. Wiki jana mtoto wangu aliendesha tumbo kwa maji machafu mpaka nikambeba hospitali. Na ilikuwa simu moja tu?"

Mutheu alirudi kwa Wafula, akamnyang'anya ufunguo wa pampu. "Bosi akikuuliza, sema nimekupokonya." Akampelekea Nakhumicha ufunguo huo pamoja na namba yake ya simu. "Baba akibadilisha kufuli ya pampu, nipigie."

Nakhumicha alivipokea. Hakusema asante.

Wenzake waliimba njia nzima kurudi. Nyumbani Mutheu alimkuta baba yake kwenye bustani, ameshika mpira wa maji, anamwagilia nyasi. Mutheu alifunga bomba.

"Umeniaibisha mbele ya watu wangu," Mzee Kyule alisema.

"Kesho utaitwa mbele kanisani, kama mfadhili, utoe ushuhuda wa misheni, Baba. Ukisimama, na mimi nitasimama niseme nilichokiona."

Mzee aliingia ndani akiwa na viatu vyenye matope.

Jumapili mchungaji alimwita mara mbili. Mzee Kyule alitikisa kichwa, akabaki kitini.

Kufuli haijabadilishwa, huu ni mwezi wa pili sasa. Lakini baba na binti hawajala meza moja tangu siku hiyo, na simu ikilia kwa namba asiyoijua, Mutheu huruka kama aliyechomwa, akidhani ni Nakhumicha.