Njaa ya Kinshasa

Lise alipoitwa arudi kwao Kamina, alimkuta baba yake kitandani, mdomo umepinda na mkono wa kulia haufanyi kazi. Mzee Matthias alikuwa karani wa reli maisha yake yote, mjane, mtu wa kanisa la Wamethodisti, na katika watoto wake ni Lise peke yake ambaye hakuwa ameolewa. Basi akaacha kazi yake Kinshasa, akaja. Asubuhi akawa anafundisha shule ya msingi, mchana anampikia mzee.

Mzee alipoanza kusema vizuri, kitu cha kwanza alichofanya ni kumwomba binti yake msamaha kwa kumkatizia maisha. Lise akautazama uso ule, akasema uongo. Alimwambia Kinshasa ilikuwa mateso matupu: njaa, kelele, chumba kinachovuja, na kwamba alikuwa akitafuta tu sababu ya kurudi nyumbani. Mzee akashusha pumzi. Tangu hapo kila mgeni aliyekuja kumjulia hali alisimuliwa jinsi ugonjwa huu ulivyomwokoa Lise na njaa ya Kinshasa.

Chumba kilikuwa kinavuja kweli. Njaa, hapana. Nyuma ya maduka ya vitambaa kulikuwa na mkahawa wa Bwana Yakub, mtu wa Karachi aliyesema Kilingala kama anayetafuna kitu cha moto. Palikuwa na meza chache za plastiki na feni inayolia. Wabeba mizigo, madereva na wanafunzi walikula pale, kwa sababu wali na dengu za Yakub zilishibisha kwa bei nafuu kuliko kujipikia. Kila Jumamosi Lise na rafiki yake Bibiche waliagiza sahani moja ya biriani. Yakub alileta vijiko viwili bila kuombwa, pamoja na chapati ya bure aliyodai imeungua, na haikuwa imeungua hata kidogo. Pale ndipo walipowalilia wachumba waliowaacha, wakapanga kufungua duka la kushona. Sasa duka hilo lipo, na Bibiche analiendesha peke yake.

Huko Kamina, Lise hakutaja biriani. Alisonga bukari, ugali wa kwao, akapika sombe ya majani ya muhogo na samaki wa Malemba-Nkulu, na alivipenda vyakula hivyo kwa kuwa ni vya kwao. Ila Jumamosi mchana, jirani akikaanga vitunguu, mikono yake ilisimama ndani ya maji ya vyombo.

Jumamosi moja ya kiangazi mtandao ulikuwa mzuri, Bibiche akapiga simu ya video. Lise alikuwa barazani akichambua maharagwe, akaiegemeza simu kwenye beseni. Alidhani mzee amelala ndani. Bibiche alikuwa mkahawani. Akamwonyesha meza yao na sahani ya biriani, kisha Yakub mwenyewe, nywele zote zimekuwa nyeupe. Yakub akauliza yule mwembamba atarudi lini, maana huyu akija peke yake hamalizi sahani.

Lise aliinamia simu.

“Bibiche,” alisema, “tangu nitoke kule, hakuna siku nilipata furaha sawa ile.”

Mtandao ukakatika. Alipogeuka, baba yake alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mwimo kwa mkono wake mzima.

Wakati wa kula ukafika. Mzee akauliza kama Lise anajua kupika kile chakula cha Wahindi. Lise akajibu kwamba anajua nusu tu, na viungo vingine havipatikani soko la Kamina. Mzee akasema apike hiyo nusu.

Jumamosi iliyofuata Lise alipata kuku, tangawizi na manjano; mdalasini aliletewa na mwalimu mwenzake aliyetoka Lubumbashi. Wali ulishikana kidogo. Mzee alikula polepole kwa mkono wa kushoto, pilipili ikimtoa jasho, mpaka sahani ikabaki na mifupa tu.

“Njo hii njala ulikuwaka unaniambia?” aliuliza.

Lise akainamisha kichwa, akingoja hasira.

“Ulinidanganya juu nilale muzuri,” baba yake alisema. “Nililala. Sasa inatosha, mutoto yangu. Usibebe hii kintu weye peke yako.”

Kisha akamwambia kama anataka kurudi, arudi. Shangazi yake Éliane angetoka Kaniama aje kukaa naye.  Lise akasema anataka, anataka sana, lakini darasa lake lina mtihani mwaka huu, na yeye mwenyewe hajui kama anachokitamani ni Kinshasa au ni siku zile tu. Mzee hakumsukuma.

Mwaka ule hakwenda. Hamu haikumtoka. Wageni walioingia hawakusikia tena habari za njaa. Mzee aliwaambia tu kwamba binti yake aliacha mengi mazuri.

Lakini siku ile ya wali, Lise alipoinuka kukusanya vyombo, baba yake alimzuia.

“Acha kwanza. Ile njia ya kwa Yakub, iko na miti?”

Lise akakaa tena.

“Miti hapana, Papa,” akasema. “Iko na bamama banauzisha maji.” Akaanza kumwelekeza, tangu pale kwenye kituo cha basi.