Likizo ya Vidole vya Mama Blessing

Mashine ya alama za vidole katika ofisi ya vitambulisho ilinikataa mara nne, na ile ya nne karani akanitazama kana kwamba nimekuja na mikono ya kuazima. Nikamwambia vidole ni vyangu, nimezaliwa navyo. Akacheka, akasema havina alama, vina nyufa tu, nirudi baada ya majuma matatu.

Mwezi ndio kwanza ulikuwa umeanza, na ukiisha tu, nafasi ya kuomba leseni ya kuchimba eneo letu ingefungwa. Sisi wanawake sita tunaoosha udongo wa dhahabu kwenye mwalo mmoja, yaani kiwanja cha kuoshea, nje ya Runzewe tulikubaliana leseni iwe kwa jina langu, na bila namba ya kitambulisho cha taifa hakuna leseni. Maduhu, mume wangu, anacho kitambulisho. Akajitolea kwa haraka iliyonichefua: iandikwe kwake, kwani mume na mke si mwili mmoja? Wenzangu wakaguna. Shamba la mwenzetu Mageni liliandikwa hivyohivyo, na leo analilima kwa kuomba ruhusa.

Nikaenda kwa Aneth, binti wa dada yangu, muuguzi wa zahanati. Baada ya shikamoo akaniuliza naoshea nini. Maji na sabuni ya unga, nikamjibu, ili vumbi la dhahabu lizame lisielee. Akatikisa kichwa, akachora seli za ngozi ya juu kwenye daftari. Ndani ya kila seli akatia vifuko, vidogo hata darubini ya shule haivioni, mafuta yamepangwa humo tabaka juu ya tabaka. Seli ikipanda kuelekea juu, vifuko husogea ukingoni, hufunguka na kumwaga mafuta yao kati ya seli na seli. Mafuta hayo ndiyo yanayozuia maji ya mwili yasitoke na uchafu usiingie.

Nikasema basi ni kama udongo kati ya matofali. Akakubali: mchanga unasugua tofali, sabuni inakomba udongo, na vifuko havipati nafasi ya kuziba.

"Mamdogo, vifuko vyako havijafa," alisema. "Vipe likizo tu."

Likizo! Na nani aoshe? Jioni nikamwangalia Maduhu akinywa uji.

"Si ulisema sisi mwili mmoja?" nikamuuliza. "Basi kesho tutatumia mikono yako."

Siku ya kwanza alimwaga mchanga pamoja na dhahabu yake, na Mageni nusura amtie karai kichwani. Wanawake wakaanza kumwita Mayu, yaani mama, mpaka wapita njia nao wakadaka jina. Alinuna siku mbili, kisha akajifunza kuzungusha karai polepole. Usiku alilalamika mgongo na vidole vinavyowaka, nami, nasema kweli, nilifurahi. Vyombo aliosha mwanangu Blessing. Mimi nilijipaka samli na kukaa kama bibi harusi.

Siku tatu kabla ya mwezi kwisha tulikwenda wote wawili. Nikaweka kidole gumba. Mashine ikafikiri, ikawasha taa ya kijani, na machozi yakanitoka mbele za watu bila aibu.

Karani akasema namba itatoka kesho yake, akashika fomu, akauliza kazi yangu. Kabla sijafungua kinywa, Maduhu akasogea mbele.

"Andika mchimbaji," alisema. "Mimi ni kibarua wake."