Koki ya Upande wa Kushoto

Kaltumu, mke wangu, alifia ndani ya gari yangu mwenyewe karibu na Nyadri, njiani kwenda hospitali ya Arua, saa nne ya asubuhi, jua linawaka, barabara tupu. Gari haikuharibika. Injini nzima, magurudumu mazima, hata honi inalia. Petroli ndiyo ilikwisha. Nilisimama barabarani na debe mkononi, nikapungia kila kilichopita, na vilivyopita ni baiskeli mbili na lori moja la jeshi ambalo halikupunguza hata mwendo. Nilipogeuka kumtazama, alikuwa ameshanyamaza.

Nasema haya mapema ili mtu asije akaniuliza kwa nini mzee mzima wa Kinubi, mwenye pikapu moja ya Pijo na magoti mabovu, alihangaika miezi mitatu na tangi.

Wakati ule petroli ya kununua tu kama watu haikuwepo. Unakwenda Arua, ofisi ya mafuta, unapanga mstari, unapewa chiti: gari ijazwe mara moja kwa mwezi. Mimi nilikuwa nabeba chumvi, samaki wakavu na abiria kati ya Koboko na Arua. Kujaza mara moja kunaisha kabla mwezi haujafika nusu. Siku zinazobaki gari inalala uani kama mgonjwa, na mimi nakaa karibu yake kama mtu wa kumuuguza.

Baada ya arobaini ya Kaltumu nilikwenda kumwona mkubwa wa ofisi ile. Sikwenda kuomba kitu. Nilitaka tu asikie kutoka mdomoni mwangu. Alinisikiliza huku anachokonoa sikio kwa njiti ya kiberiti, halafu akasema:

"Pole, mzee Sulaiti. Lakini dereva wa miaka yote hiyo hana akiba? Ungekuwa na akiba, mama angefika hospitali."

Nyuma ya kichwa chake, ukutani, kulikuwa na karatasi ya ofisi hiyohiyo, yenye mhuri. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, lakini ile karatasi niliisoma yote, neno baada ya neno. Ilisema petroli itiwe katika tangi iliyofungwa kwenye gari, si debe, si jerikeni, na atakayekutwa ameweka petroli nyumbani atafungwa. Yaani mdomo wake unasema weka akiba, karatasi yake inasema ukiweka utaozea ndani. Na yeye amekaa katikati ya hivyo viwili, anapokea mshahara.

Nilitoka na hasira mpaka nikaipita gari yangu bila kuiona. Nikarudi, nikaitazama. Tangi iliyofungwa kwenye gari. Ile karatasi haikusema ni tangi ngapi.

Pengine ningeishia hapo. Mtu aliyekwisha zika mke anamkimbiza nani tena hospitali? Lakini mwezi uleule Hawah, binti yangu pekee, alirudi kwangu Koboko na mimba ya miezi mitano. Mume wake mwanajeshi alikuwa amepelekwa kambi ya mbali ambako hata barua haifiki. Filda, mkunga wetu, alimpapasa tumbo akasema tungoje. Mwezi wa pili akampapasa tena, akaniita pembeni. Akasema mtoto amelala kiupande, kwa njia yake hatoki, na uchungu ukianza nisimlete kwake kabisa, nimkimbize Arua wakampasue.

"Na uchungu hauna chiti, mzee," akasema. "Weka petroli."

Huyu naye. Kila mtu ananiambia weka petroli.

Nilimtafuta Drateru, fundi bati wa soko la Arua, Mlugbara wa Adumi, mtu ambaye mdomo wake unagonga kuliko nyundo. Kazi yake vibatari, majiko na masanduku ya wanafunzi. Alisema tangi ya gari hajawahi kutengeneza maisha yake yote. Nikamwambia na mimi sikuwahi kupika maisha yangu yote, sasa napika. Akacheka, akaanza kupima.

Tulipata pipa lililokuwa la mafuta ya kula, tukaliosha kwa majivu na maji ya moto mara tatu, akalipasua, akalinyoosha juu ya kipande cha reli. Alitaka kutengeneza sanduku refu la kukaa nyuma ya kebini, chini ya benchi la abiria, watu wakalie bila kujua wamekalia nini. Chini yake litoke bomba lenye koki, petroli iteremke yenyewe kwenye tangi kubwa siku ya shida. Kwa maneno ni kazi ya siku mbili. Lakini risasi ya kulehemu haikuwepo dukani, wala maduka yenyewe hayakuwepo, milango tu. Drateru alikaa wiki nzima anayeyusha risasi kutoka rejeta ya lori lililokufa, tone kwa tone, kama anakamua ng'ombe mgonjwa. Koki tuliitoa kwenye birika kubwa la chai la hoteli iliyofungwa tangu Wahindi waondoke. Misumari ya ribiti nilikwenda mwenyewe kuitafuta Vurra, kwa wafanyabiashara wa mpakani, nikarudi na misumari na matusi ya askari wa forodha.

Sanduku likaisha. Drateru akasema sasa tulijaze upepo kwa pampu ya baiskeli, tupake povu la sabuni, tuone panapovuja.

"Sabuni iko wapi?" nikamuuliza.

Akaiweka pampu chini. Arua nzima hakuna sabuni. Watu walikuwa wanafua kwa majani.

Mimi nilikuwa nayo, nusu mche. Ni ile iliyobaki wanawake walipomuosha Kaltumu. Niliifunga kwenye kitambaa chake, sikuogea, sikumpa hata Hawah. Nilikwenda Koboko nikarudi nayo, na njia nzima nilikuwa nawaapiza watu walioifanya nchi kuwa mahali ambapo mtu anatoa sabuni ya maiti kupimia tangi.

Povu lilichemka sehemu nne. Drateru akalehemu tatu, risasi ikaisha. Ya nne akaitazama, akakata kipande cha sabuni, akakikandamiza kwenye mshono kwa dole gumba. Akaniambia petroli haiyeyushi sabuni, maji ndiyo yanayeyusha, niizuie mvua tu. Kilichobaki kwenye kitambaa ni kama ukucha.

Siku ya chiti nilipeleka gari kwa Enoch, mwenye kushika pampu. Akaona kifuniko cha pili, akainama, akachungulia chini ya benchi.

"Mzee, hii Pijo iko na tumbo mbili kama mbuzi?"

Nikamwambia akasome karatasi ya wakubwa wake. Akatikisa tangi, akavuta bolti moja moja. "Imefungwa," akasema. "Kama imefungwa, mimi iko na neno gani?" Akajaza zote mbili.

Njia ya kurudi Koboko niliimba. Ni aibu kusema, lakini niliimba.

Furaha hiyo ilikwisha nilipomaliza tangi kubwa na kufungua koki kwa mara ya kwanza. Petroli ikateremka vizuri, halafu ikakata. Nikatikisa gari. Ndani nasikia chwa, chwa, petroli ipo. Nikalala chini kwa magoti haya, nikapima kwa vidole, nikaona. Springi ya kulia ina jani la chuma lililovunjika tangu mwaka juzi, kwa hiyo gari imeinama kulia. Drateru ameweka koki kushoto. Petroli yote ya mwisho inakimbilia kulia na kukaa pale, galoni mbili, inanicheka.

Nilirudi Arua kugombana.

"Tangi yangu iko sawa," Drateru akasema. "Gari yako ndiyo kilema."

"Wewe ulipopima hukuona imeinama?"

"Niliona, mzee. Nilifikiri utanunua springi."

Springi! Springi ilikuwa Kampala, kwa watu wenye barua za wakubwa. Na risasi ya kuhamisha koki haikuwepo hata ya kuziba sindano. Njia ilikuwa moja: ukitaka ile petroli ya mwisho, tia jeki upande wa kulia, nyanyua mpaka gari ilalie kushoto kama mlevi, ndipo inatoka. Nilifanya hivyo mara moja, na kila nilipozungusha jeki nilitaja cheo cha mtu mmoja.

Mwezi uliofuata, mimba ya Hawah ikiwa imetimia, nilijaza tena. Niliapa hii ya benchini sitaigusa hata njaa iniue. Kabla sijatoka mjini, askari mmoja aitwaye Igga akasimamisha gari, akapanda, akaniambia niende ofisi ya mafuta. Mkubwa alikuwa anangoja uani, amesimama mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya siku nilipofiwa.

"Nani alikuambia uweke akiba?"

"Wewe," nikamwambia.

Igga na askari wenzake wakatazama chini. Yeye akachukua kadi ya gari, akaigeuza mbele na nyuma, akasema humu imeandikwa tangi moja, hii ya pili ni wizi wa mafuta ya serikali. Nikamwambia kuna binti mwenye mimba, nikamwambia mtoto amelala kiupande, nikamwambia maneno ya Filda yote. Akasema kila mtu ana mgonjwa. Yeye alikuwa na safari.

Igga akaleta jerikeni, akapiga goti, akafungua koki. Ikajaa moja, ikajaa ya pili, ya tatu ikafika nusu, mkondo ukawa uzi, uzi ukawa matone, ikakata. Akagonga tangi kwa ngumi upande ule aliokuwepo, wa kushoto. Ikalia tupu.

"Imekwisha, afande."

Mimi mdomo wangu haujawahi kuacha neno lipite. Kaltumu alikuwa akisema nitagombana hata na atakayenichimbia kaburi. Siku ile nilitazama vidole vya miguu yangu, nikanyamaza. Wakanyonya na tangi kubwa kwa mpira, wakaniachia ya kunifikisha nyumbani, kwa huruma, wakasema. Na risiti wakaniandikia: imechukuliwa kwa kazi ya taifa. Ninayo mpaka leo, panya wamekula kona yenye mhuri.

Nilifika Koboko mshale wa petroli umelala. Siku ya nane, nimetoka tu kuswali alfajiri na kumekucha, Hawah akaniita. Filda akaja mbio, akamshika tumbo, akasema ni sasa.

Nikaingiza jeki chini ya upande wa kulia. Hawah alikuwa ameshika ukuta, anapumua kwa meno. Gari ikapanda, ikaanza kulala, mbao zikalia, nikaogopa itaanguka. Nikafungua koki.

Ikatoka. Si kwa nguvu, lakini ikatoka, nyembamba, ikaendelea kutoka.

"Baba, itatosha?" Hawah akauliza.

"Sijui," nikamwambia.

Tulikaa watatu mbele, Filda katikati anamshikilia. Kila mteremko nilizima injini, gari ikajiendea yenyewe, nikaiwasha chini kabisa kwenye daraja. Filda aliniambia niende polepole, halafu akaniambia niharakishe, halafu akaacha kuniambia. Tulipokaribia Nyadri, Hawah akafumbua macho, akatazama nje.

"Ilikuwa hapa? Mama?"

"Bado," nikasema. "Ni mbele."

Baadaye kidogo akauliza tena, nikamwambia bado, ni mbele. Nilimwambia hivyo mpaka tukaona mabati ya Arua.

Petroli ilikwisha kwenye lango la hospitali, si ndani, langoni. Watu waliokuja kuona wagonjwa walitusukuma mpaka mlangoni. Wakampasua kabla ya adhuhuri. Mtoto wa kike, na sauti yake ilifika uani, nikaisikia nikiwa nimeshika usukani wa gari isiyokwenda.

Siku ya tatu nilikwenda ofisi ya mafuta kuomba ya kurudia nyumbani. Mkubwa akaacha kuandika.

"Ulifikaje hapa?"

"Kwa ile mliyobakisha."

Akamtuma Igga hospitali akagonge tena. Igga akagonga kushoto, akagonga kulia, na safari hii ilikuwa tupu kweli. Mkubwa akasema mwezi wangu nimeshautumia, ningoje mwezi mpya. Nikalala ndani ya pikapu uani kwa hospitali siku kumi na moja, pamoja na mbu wa serikali.

Huko ndiko Drateru alikonikuta. Alikuwa na bakuli la muhogo, na ndani ya soksi alikuwa na kijiti cha risasi, kipya, kinang'aa, kimevuka kutoka Kongo.

"Ile koki nahamisha leo, mzee," akasema. "Aibu yangu iishe."

Nikamwambia aiache.

"Iache vipi? Petroli inabaki ndani."

Nikamwambia aiache hapohapo ilipo, na siku springi ikipatikana asiniletee. Akachuchumaa, akatazama gari ilivyoinama, akatazama koki, nikamwelezea habari ya Igga na ngumi yake. Akacheka mpaka muuguzi akatoka kumkanya. Mimi sikucheka. Petroli yangu ilikuwa ndani ya gari ya mtu mwingine, inakula njia.

Basi Drateru akasema, maadamu amebeba risasi yote hiyo, angalau azibe ule mshono wa nne, atoe ile sabuni.

Hilo pia nilimkatalia, na sikumwambia sababu.