Kilo za Ndunge

Kitheka wa Nuu hakuhitaji mizani. Siku za soko kule Mwingi, wenzake wakibishana juu ya mbuzi, yeye alimpitishia mnyama mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni, akamnyanyua, akafumba macho kidogo, kisha akamweka chini na kutaja kilo. Wabishi walioenda kupima walirudi kimya. Wakati wa kiangazi mkono huohuo ulijua mbuzi yupi angefika mvua na yupi hangefika hata umlishe nini, na Kitheka hakumnunua huyo wa pili kwa bei yoyote.

Mkewe pia alimpima hivyo. Wiki ya harusi alimbeba mlangoni mbele ya mashemeji na kutangaza, "Sitini na mbili!" Ndunge alimpiga kofi la mgongo kwa aibu, halafu kesho yake akapita kwa siri kwenye mizani ya mashine ya posho. Ilisoma sitini na mbili. Tangu hapo kila aliponyanyuliwa kwa mzaha aliuliza, "Kilo ngapi leo?" na hakudanganywa hata siku moja, hata mwaka ule alionenepa na angefurahi kudanganywa.

Kisha kiharusi kikamwangusha jikoni, kikamnyang'anya miguu. Daktari alisema moyo wake una nguvu na akitunzwa ataishi. Kitheka akamtunza. Kila asubuhi alimtoa kitandani akamweka kwenye kiti cha nje, upande wa jua, mahali ambapo angeona kuku wake, kilima cha Nuu na kila mpita njia, maana Ndunge asipojua nani amepita na amebeba nini, siku yake imeharibika.

Mambo yangeenda hivyo miaka mingi kama si ule ubao. Siku hiyo walikuwa wakipandisha ng'ombe kwenye lori pale Mwingi. Ubao ukateleza, fahali akamwangukia Kitheka, na mkono wa kulia ukavunjika karibu na bega. Hospitalini waliutia chuma. Akarudi nyumbani ameufunga shingoni, hawezi kubeba kuku.

Ndipo Kaveke, dada yake Ndunge, alipofika kutoka Malili, upande wa Makueni. Mwanamke wa kanisa na mwenye hoteli, mdomo wake ulifanya kazi kuliko mikono, na mikono yenyewe haikuwa mivivu. Alimwosha dada yake, akamgeuza, akamvalisha. Kitheka alihamishiwa chumba cha pili ili mkono usigongwe usingizini, na wakati wa kuoga alifukuzwa nje kama mgeni. Wakati wa kumtoa Ndunge nje juani, Kaveke aliita jirani, wakamfunga kwenye leso na kumshika huku na huku. Siku ambazo jirani hakuwepo, Ndunge alilala kitandani kando ya ukuta, akisikiliza watu wakipita.

"Shemeji, hoteli yangu imefungwa," Kaveke alisema siku moja. "Tukimaliza kuvuna ndengu mimi narudi Malili, na dada yangu naenda na yeye. Wewe huwezi kumbeba."

Ndunge akajibu kutoka kitandani. "Mimi nilitoka kwetu mara moja nikaletwa hapa. Sitoki tena nikiwa na pumzi."

"Na nikimbeba mimi mwenyewe mpaka kwa kile kiti?" Kitheka akauliza.

Kaveke aliutazama ule mkono uliokonda. "Ukimbeba bila kumwangusha, anabaki. Mungu ni shahidi."

Daktari wa mazoezi alimwambia aanze na chupa ya maji. Chupa! Mtu aliyekuwa akisukuma mafahali! Kitheka aliona ametukanwa, lakini chupa yenyewe ilipomtoa jasho, alinyamaza akatii. Akaijaza mchanga wa mtoni. Baadaye akachukua mtungi mdogo wa mafuta ya kupikia, kisha mkubwa, mpaka Kaveke akalalamika kwamba mitungi ya nyumba hii inabeba mchanga na maji yatabebwa na mikono. Kitheka akahamia kwenye gunia. Alikadiria ugonjwa umemla mkewe kilo kumi hivi, kwa hiyo akalenga hamsini. Haba na haba hujaza kibaba, naye kila siku alizidisha mchanga kidogo, akalikumbatia gunia kama anavyokumbatiwa mbuzi, mkono mmoja juu, mwingine chini, akachuchumaa na kuinuka nalo huku bega likimlilia.

Ndunge alisimamia yote kupitia dirishani.

"Baba Mulei, hiyo umeangusha! Na mimi utaniangusha hivyo?"

"Imeteleza tu."

"Basi mimi nikiteleza utasema nini kwa Kaveke? Rudia."

Naye alirudia. Jioni waliletewa chakula, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na ndengu, wakati mwingine yai. Ndunge alionja vijiko viwili akaisukuma sahani kwa mumewe.

"Kula. Mkono hauoti nguvu kwa upepo."

"Na wewe?"

"Mimi nalala tu hapa, kazi gani ya kula? Nimeshiba."

Mgonjwa haulizwi uji, na Kitheka alilijua neno hilo tangu utoto. Lakini yeye aliuliza kila jioni, akajibiwa nimeshiba, akala. Alikula kwa furaha, akiona nyama ya mkono ikirudi. Ndunge alipoanza kuvaa sweta mbili, alisema ni baridi. Kaveke, aliyemwosha, aliona mbavu, akaambiwa, "Usimwambie. Akijua ataacha mazoezi, na wewe utanipeleka Malili." Akanyamaza kwa kumpenda dada yake. Watu watatu nyumba moja, wote wanapendana, na hakuna aliyeokoa kitu.

Ndengu zilipokwisha kupurwa, Kaveke alifunga mabegi mawili, lake na la Ndunge, akayaweka mlangoni. Akamvalisha dada yake sweta, akamfunga leso mbili na kitambaa cha kichwa cha Jumapili.

"Haya shemeji. Tuone."

Asubuhi hiyo Kitheka alikuwa amelibeba gunia kuzunguka nyumba nzima. Akainama kitandani, akapitisha mkono mzima mgongoni na ule wa chuma chini ya magoti. Akavuta pumzi. Akanyanyua kwa nguvu zake zote.

Nusura amrushe. Ilikuwa kama kunyanyua mtungi ukidhani umejaa kumbe mtupu. Alijikaza asiyumbe, na kabla hajauzuia, mkono ukasema wenyewe, kama ulivyosema sokoni miaka yote: thelathini na tatu. Na sweta zikiwemo. Kisha ukamwambia lile jambo jingine, analolijua kila mtu aliyewahi kununua mbuzi wa kiangazi. Huyu hafiki mvua.

"Amembeba!" Kaveke alipiga vigelegele. "Bwana asifiwe! Amembeba!" Akaanza kufungua begi la dada yake pale pale mlangoni, akirudisha nguo kitandani huku akicheka na kufuta macho.

Kitheka alitoka nje na mkewe kifuani. Kuku wakakimbia. Alikumbuka kila sahani. Aliuchukia mkono ule, na nyama yake yote iliyorudi, akatamani fahali angemwangukia kichwani. Ndunge alikuwa ameegemeza shavu kwenye bega lenye chuma, anatazama kilima, anatazama njia. Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, upande ambao ugonjwa ulimwachia.

"Kilo ngapi leo?"

Kitheka alipiga hatua nyingine kuelekea kwenye kiti.

"Hamsini na moja."

Mama mmoja alipita njiani na mzigo wa kuni, Ndunge akamfuata kwa macho mpaka akapotea kwenye kona.

"Huo mkono umepona vibaya, Baba Mulei," akasema polepole. "Zamani ulikuwa unasema ukweli."

Kitheka alifika kwenye kiti akasimama. Hakumweka chini. Kaveke akachungulia dirishani, sweta mkononi.

"Mweke sasa, shemeji, tumeshaona! Utachoka!"

Lakini hakuwa amechoka hata kidogo, na hapo ndipo alipolia.